Tunu Zako na Msukumo Wako Unapochagua Kazi: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya huletwa zaidi na wahitimu wa kidato cha nne wanaojaza au kubadilisha tahasusi (mchanganyiko wa masomo ya kidato cha tano na cha sita), wahitimu wa kidato cha sita wanaoomba vyuo, na wazazi wao. Majibu yamezingatia utaratibu wa Tanzania Bara, ingawa msomaji wa Zanzibar au wa Kenya ataona kwamba mengi yanamhusu pia.

Tunu binafsi ni nini, na inatofautianaje na kipaji?

Katika lugha ya kila siku, tunu ni kitu adimu na cha thamani ambacho mtu humpa ampendaye na hakigawi ovyo. Tunapozungumzia kazi, tunu binafsi ni jambo ambalo kwa ajili yake uko tayari kuacha jambo jingine ambalo nalo unalitaka. Kipimo chake ni kile unachokiacha. Mtu anayesema kwamba familia kwake ni kitu cha kwanza, kisha kila inapotokea kazi ya ziada siku ya Jumapili anaikimbilia, ana tunu nyingine ambayo bado hajaitaja kwa jina lake.

Kipaji ni uwezo, na kulipenda somo ni ladha; vyote viwili vinafaa kuzingatiwa, lakini havitoshi. Mwanafunzi anaweza kupata A ya Baiolojia, akalipenda somo lenyewe kwa dhati, na bado akawa mtu asiyeweza kuishi bila kulala usiku mzima na kujua kesho atarudi nyumbani saa ngapi. Tahasusi ya PCB (Fizikia, Kemia na Baiolojia) itampokea vizuri kwa miaka miwili, lakini zamu za usiku wodini hazitampokea. Tangu darasa la kwanza tumezoea kuulizwa tunataka kuwa nani, na ni nadra mtu kutuuliza tunataka kuishije, ilhali swali hili la pili ndilo tutakaloishi nalo kila siku ya wiki.

Je, msukumo na motisha si kitu kimoja?

Katika ofisi zetu neno motisha limezoeleka kumaanisha kile kinachotolewa na mwajiri: posho, zawadi ya mfanyakazi bora, safari ya semina. Msukumo ni kile kinachomsukuma mtu kutoka ndani yake hata kabla mwajiri hajatokea. Kutenganisha maneno haya mawili kunasaidia, kwa sababu kimoja kinaweza kukiathiri kingine. Mwaka 1971 mwanasaikolojia Mmarekani Edward Deci alichapisha matokeo ya jaribio ambamo wanafunzi wa chuo kikuu walipewa fumbo la kupanga vipande. Baadhi yao walilipwa kwa kila umbo walilofaulu kulipanga, na malipo yalipoondolewa walionekana kuligusa fumbo hilo wakati wa mapumziko kwa muda mfupi kuliko hapo awali. Kitu kilichokuwa mchezo kwao kilikuwa kimegeuka kibarua.

Miaka kumi na miwili kabla yake, mwaka 1959, Frederick Herzberg na wenzake walikuwa wamewahoji wahandisi na wahasibu wapatao 200 katika eneo la Pittsburgh, wakaeleza kwamba mambo yanayomuudhi mtu kazini, kama vile mshahara mdogo na usimamizi mbovu, ni ya aina nyingine kabisa na yale yanayomridhisha, kama vile kazi yenyewe na kule kuona kwamba amefanikisha jambo. Maana yake kwa mchaguaji ni kwamba mshahara mzuri unaweza kuondoa manung'uniko bila kuleta furaha, na kwamba kazi unayoipenda inaweza kukuridhisha na kukunung'unisha katika siku hiyo hiyo moja. Anayelifahamu hili mapema hashtuki akikutana nalo mwezi wa tatu wa ajira.

Nitazijuaje tunu zangu ikiwa sijawahi kuajiriwa?

Hili ndilo swali gumu kuliko yote, na wanaolijibu kwa kukupa orodha ya maneno mazuri ili uchague matano (uadilifu, ubunifu, upendo na kadhalika) wanakupotezea muda, kwa maana hakuna mtu anayekataa uadilifu akiulizwa. Tunu hazipatikani kwa kujiuliza unachokisifu. Zinapatikana kwa kuyachunguza uliyokwisha kuyafanya, na kijana wa miaka kumi na saba ameshafanya mengi kuliko anavyodhani.

Anza na nyumbani. Kama umewahi kuachiwa duka la mama kwa wiki nzima, jiulize ulifurahia nini: kuongea na wateja, kuhesabu mauzo jioni, kupanga bidhaa zivutie, au kule kuwa peke yako bila mtu wa kukuamrisha? Watoto wanne wa familia moja wanaweza kukaa katika duka lile lile na kila mmoja akalikumbuka kwa sababu yake. Kumbuka pia mara ya mwisho ulipokasirika kweli kweli shuleni. Aliyekasirika kwa sababu mwenzake alionewa, na aliyekasirika kwa sababu kazi ya kikundi iliwasilishwa ikiwa na makosa, wanalinda vitu viwili tofauti. Hasira ni shahidi mzuri kwa sababu haijipangi kabla ya kusema. Wivu nao ni shahidi, ingawa tumefundishwa kuuficha: ukisikia kwamba binamu yako amepangiwa kazi mkoani na ukaumia, angalia kama kilichokuuma ni mshahara, ni ile nyumba ya serikali, au ni kule kuondoka nyumbani.

Kisha utumie muda ulionao. Kati ya mtihani wa Novemba na kuripoti kidato cha tano mwezi Julai kuna zaidi ya nusu mwaka, na vijana wengi humaliza kipindi hicho wakisubiri matokeo tu. Omba kukaa wiki mbili kwenye karakana ya fundi, kwenye zahanati ya kata, kwenye ofisi ya mtendaji, shambani kwa mjomba anayelima nyanya kwa ajili ya soko. Huhitaji barua ndefu. Mara nyingi inatosha mzazi kwenda kusalimia na kukuombea. Ukiwa huko, usimuulize mwenyeji wako kama anaipenda kazi yake, kwa sababu atakujibu kwa adabu na hutapata kitu. Muulize Jumanne iliyopita alifanya nini tangu saa moja asubuhi mpaka anafunga. Muulize ni sehemu ipi ya siku hiyo ambayo angelipa mtu mwingine amfanyie. Majibu ya maswali hayo mawili yana habari nyingi kuliko maonesho ya taaluma ya siku nzima.

Hata hivyo, usitegemee kuzijua zote sasa. Edgar Schein, aliyefundisha katika chuo cha MIT nchini Marekani, alianza mwaka 1961 kuwafuatilia wahitimu 44 na akarudi kuwahoji walipokuwa wamekaa kazini kwa miaka kadhaa. Alichokiita nanga ya kazi, yaani lile jambo ambalo mtu hakubali kuliacha hata akilazimishwa, alikiona kikijitokeza baada ya mtu kufanya kazi na kujaribiwa, wala si kabla. Kwa hiyo unachokitafuta ukiwa na miaka kumi na saba ni dhana ya kuanzia, na ni sawa kabisa ikirekebishwa baadaye.

Ninaona aibu kusema kwamba ninataka fedha. Je, fedha inaweza kuwa tunu?

Hakuna sababu ya kuona aibu, lakini jibu lako halijakamilika. Fedha karibu daima inasimama badala ya kitu kingine: kutokuwa ombaomba, kumjengea mama nyumba ya bati na saruji, kuheshimiwa ukoo unapokaa kikao, au kuwa na uwezo wa kusema hapana kwa bosi. Kila kimojawapo kinaelekeza kwenye njia tofauti. Anayetafuta usalama atathamini utumishi wa umma wenye mshahara wa kila mwezi na mafao ya uzeeni kupitia PSSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii wa watumishi wa umma, hata kama kiwango si kikubwa. Anayetafuta uwezo wa kukataa kuamrishwa ataona mshahara huo huo kama kamba shingoni, na huenda akawa na amani zaidi akiwa na karakana yake ya kuchomelea vyuma yenye miezi mizuri na miezi mibaya.

Jiulize pia unahitaji kiasi gani na lini, kwa tarakimu. Mwanafunzi atakayesoma kwa mkopo wa Bodi ya Mikopo aelewe kwamba, kwa sheria iliyorekebishwa mwaka 2016, mwajiri humkata mnufaika asilimia 15 ya mshahara wa msingi mpaka deni liishe. Tuseme mshahara huo ni shilingi 800,000: hapo 120,000 zimeondoka kabla ya kodi ya nyumba, kabla ya nauli na kabla ya mdogo wako kupiga simu kuhusu ada. Sisemi hivi ili kumtisha mtu asikope, kwa kuwa wengi wetu tusingesoma bila mkopo huo. Nasema hivi kwa sababu mwenye wajibu wa kusaidia nyumbani mapema ana haki ya kuhesabu fani ambayo mafunzo yake ni mafupi kuwa chaguo la heshima na si la kushindwa.

Wazazi wangu wanataka niwe daktari, nami sitaki. Nifuate moyo wangu?

Ushauri wa kufuata moyo hutolewa kwa urahisi na watu ambao hawatakuwepo siku ya kikao cha familia. Katika jamii zetu kijana hasomi peke yake: ada imetoka kwenye ng'ombe wa babu, mchango wa shangazi na mkopo wa kikoba cha mama. Kutambua deni hilo ni tunu yako mwenyewe, si mzigo uliobandikwa na wengine, na ukiipuuza itakurudia. Linalofaa ni kutenganisha wajibu na woga. Wajibu ungebaki hata kama wazazi wasingekasirika. Woga ungeyeyuka siku wakisema wameridhia.

Baada ya hapo, tafuta tunu iliyojificha chini ya fani wanayoitaja. Mzazi anaposema daktari, mara nyingi anasema mambo matatu kwa pamoja: mwanangu asikose ajira, jina letu liheshimiwe, na tukizeeka awepo mtu wa kutuhudumia. Mwambie kwamba umeyasikia hayo, kisha onyesha njia nyingine inayoyafikia, kwa mfano famasia, maabara ya tiba, afya ya mazingira, au hata fani iliyo mbali na hospitali ikiwa hoja kubwa ni ajira. Mtoto anayeingia katika mazungumzo na neno "sitaki" peke yake hurudi chumbani na neno hilo hilo. Ikiwa baba ni mgumu, tumia mlango ambao familia zetu zimeutumia siku zote: zungumza kwanza na mama mdogo, mjomba, au mwalimu ambaye mzee anamheshimu, na umwache huyo apeleke neno.

Nawe jihoji kwa haki. Njia ya udaktari wa binadamu ni miaka 5 ya shahada na mwaka 1 wa mafunzo kwa vitendo hospitalini, ndipo usajili kamili. Je, unachokikataa ni kazi hiyo, au ni urefu wa njia, au ni kule kuamuliwa tu? Nimeona vijana wakikataa fani nzuri kwa sababu ilipendekezwa na mtu waliyegombana naye, na kwa upande mwingine wapo wanaoipenda udaktari kwa sababu ya lile koti jeupe na kuitwa "dokta" mtaani, ambao hawajawahi kukaa saa nzima karibu na mgonjwa anayetapika.

Watu husema ualimu ni wito. Nisipousikia wito, nisisomee?

Neno wito limetumika vibaya. Linaposemwa na mwalimu mwenyewe kueleza kwa nini bado anaamka mapema kuwafundisha watoto 90 katika chumba kimoja, ni neno zito na linastahili kunyamaziwa. Linaposemwa na mtu mwingine kujibu dai la nyumba au malimbikizo ya mshahara, limegeuka kifuniko cha sufuria. Wito haulipi kodi ya pango, na mwenye wito naye hula.

Kwa mchaguaji, swali la manufaa zaidi ni kama unavumilia sehemu ya kazi hiyo inayorudiarudia. Mwalimu hueleza kanuni ile ile ya sehemu na asilimia mwaka hadi mwaka kwa watoto ambao kwao ni mara ya kwanza. Muuguzi hupima shinikizo la damu lile lile. Mwanasheria, ambaye baada ya shahada atapitia pia Shule ya Sheria kwa Vitendo kabla ya kuwa wakili, hutumia siku nyingi kusoma mikataba kuliko kusimama mahakamani. Anayeona ladha ndani ya marudio hayo hahitaji sauti kutoka mbinguni. Anayeyachukia atachoka mapema hata akiwa na wito wa aina gani.

Imani yangu ya dini hainiruhusu kufanya baadhi ya kazi. Je, nitaje hilo mapema?

Ndiyo, jitajie mwenyewe kabla ya kuchagua kozi, na chunguza kama kinachokuzuia ni fani nzima au ni mwajiri wa aina fulani. Muislamu anayekwepa riba, kwa mfano, hana haja ya kuacha masomo ya fedha na uhasibu, kwa kuwa ziko taasisi zinazofuata misingi ya Kiislamu, kama Amana Bank iliyoanza kazi mwaka 2011, na ziko ofisi nyingi zinazohitaji mhasibu bila kugusa mikopo. Msabato naye aulize kuhusu zamu za Jumamosi kabla ya kusaini mkataba.

Je, vipimo vya haiba vya mtandaoni vinaaminika?

Vingi kati ya vile vinavyopendekeza kazi vinatokana, kwa karibu au kwa mbali, na kazi ya Mmarekani John Holland, aliyegawa mielekeo ya watu kazini katika makundi sita. Vinasaidia kukupa msamiati wa kujieleza. Havijui bei ya mahindi, wala idadi ya wadogo zako, wala kwamba wilayani kwenu hakuna mwajiri wa fani viliyokupendekezea.

Ajira zenyewe hazipatikani. Kuzungumzia tunu si anasa ya watu wenye nafasi?

Wahenga walisema mchagua jembe si mkulima, na kijana aliyemaliza chuo miaka mitatu iliyopita huambiwa methali hiyo kila anapokataa kibarua. Ina ukweli wake, kwani wapo wanaochagua jembe ili wasilime. Lakini mkulima halisi anajua kwamba jembe la udongo wa mfinyanzi si la mchanga, na kwamba mpini usiomfaa humtoa malengelenge kabla ya jua kupanda.

Nafasi zinapokuwa chache, kujua tunu zako kunakusaidia kwa namna nyingine: kunakuambia ni kazi ipi uichukue kama daraja na ni ipi usiiguse kabisa. Kijana anayeendesha bodaboda kwa mwaka mmoja na nusu ili alipie stashahada, akiwa ameandika kiasi anachoweka kila wiki na tarehe ya kuacha, anaitumikia tunu yake akiwa barabarani. Mwenzake anayeendesha pikipiki ile ile bila tarehe yuko mahali pengine kabisa, ingawa wote wawili wanapaki kijiwe kimoja. Kujua tunu pia kunakulinda dhidi ya ajira zinazokutaka ulipe kwanza, au zinazokutaka ufiche jambo, kwa sababu mwenye njaa asiyejua mpaka wake huupata akiwa ameshauvuka.

Nimepata daraja la kwanza lakini ninapenda ufundi. Nitaonekana nimepoteza alama zangu?

Utaonekana hivyo na baadhi ya watu, kwa miaka michache. Mfumo wenyewe umeanza kulegea: mwaka 2024 orodha ya tahasusi za kidato cha tano ilipanuliwa hadi 65, na vyuo vya ufundi stadi vya VETA vinapokea wenye ufaulu mzuri kama wanavyopokea wengine. Ikiwa heshima ya watu ni tunu kubwa kwako, ikubali na uihesabu, labda kwa kupitia stashahada ya uhandisi, ambayo inakuacha karibu na vyuma huku ikimpa mama jina la kusema kanisani.

Mwanangu yuko sekondari ya chini (junior school) nchini Kenya na anatakiwa kuchagua mkondo. Je, si mapema mno?

Ni mapema kwa uamuzi wa kazi, lakini mkondo si kazi. Katika mtaala mpya wa Kenya, ambao kundi lake la kwanza liliingia Gredi ya 10 Januari 2026, mikondo ni mitatu: sayansi na teknolojia, sayansi ya jamii, na sanaa pamoja na michezo. Kwa mtoto wa umri huo ningeangalia zaidi anachokirudia bila kusukumwa kuliko anachosema atakuwa.

Je, tunu hubadilika?

Zingine hubadilika na zingine hubadilisha nafasi tu. Kijana asiye na familia hufurahia kupangiwa kituo cha kazi Kibondo au Nkasi, kwa kuwa anaona nchi na anaweka akiba. Miaka sita baadaye, mwenzi wake akiwa Dar es Salaam na mtoto akiwa anaanza chekechea, kituo kile kile kinakuwa sababu ya barua tatu za kuomba uhamisho. Hakudanganywa mwanzoni, wala hakukosea. Tunu iliyokuwa ya tano imepanda hadi ya kwanza. Kwa hiyo, unapolinganisha fani mbili, uliza pia ni ipi inayoruhusu kuhama, kupumzika kwa mwaka mmoja, au kufanyika katika mji mdogo. Muuguzi na fundi umeme hupata kazi karibu kila wilaya. Mhandisi wa mafuta na gesi hana uhuru huo.

Nimebakiwa na siku tatu dirisha la udahili lifungwe na bado sijaamua. Nifanye nini?

Usijaribu kuyamaliza maisha yako yote ndani ya siku tatu. Chukua kozi mbili au tatu ambazo sifa zako zinakuruhusu, na kwa kila moja andika sentensi moja kuhusu siku ya kawaida ya mtu anayeifanya kazi hiyo, kisha sentensi moja kuhusu kitu utakachokiacha ukiichagua. Kozi ambayo sentensi yake ya pili umeshindwa kuiandika ndiyo usiyoijua. Mpigie simu mtu mmoja anayeifanya kabla ya kesho jioni. Msomee mzazi au mlezi ulichoandika, kwa sauti, na uangalie ni wapi sauti yako inapungua.

Kisha omba katika chuo zaidi ya kimoja. Ukichaguliwa na zaidi ya kimoja, utatakiwa kuthibitisha kimoja tu kwa namba maalumu inayotumwa kwenye simu yako, hivyo weka namba ya simu iliyo mikononi mwako mwenyewe na si ya rafiki, kwa sababu wapo waliowahi kuthibitishiwa chuo na mtu mwingine.